Maji Chini ya Petroli

Mama Zubeda, mke wangu,

Leo nimemweza. Nakuandikia mikono bado inanuka petroli, na usianze kuniambia ninawe kwanza. Yule Ramadhani muuza mafuta, aliyekuja kwenye matanga yako akala wali wetu na kuomba aongezewe, leo ameumbuka sokoni Koboko mchana kweupe, na kaka zako wawili walikuwepo.

Ngoja nieleze toka mwanzo, maana shahidi wangu ni wewe peke yako. Asubuhi ile uchungu ulipokushika, stesheni haikuwa na tone, kama ilivyo tangu Wahindi wenye stesheni wafukuzwe. Nikanunua ya magendo kwenye mapipa ya Ramadhani, tukatoka kwenda hospitali Arua. Kabla ya Maracha pikapu ikakohoa, ikazima. Jasho likikutoka ukanitania: "Fundi, gari yako inaogopa leba kuliko mimi." Nikafungua boneti, nikachomoa waya wa plagi. Nilikukataza kuinuka, hukusikia, ukajivuta hadi kwenye usukani ukapiga stata. Cheche ikaruka vizuri, ya buluu. Nikakwambia moto iko, sasa tuangalie mafuta. Nikafungua kabureta, nikamimina yaliyokuwemo kwenye glasi yako ya chai, tukaitazama pamoja. Petroli juu, maji chini. Ukasema, "Huyu mutu ametuuzia mto."

Nikamwaga, nikapuliza bomba, nikajaribu tena. Maji tena. Tangi zima lilikuwa maji, na barabara haikuwa na gari jingine. Yaliyofuata siwezi kuyaandika. Wewe na mtoto wetu mlinitoka pale pale kando ya barabara.

Niliporudi nilisema ni maji. Nani alisikia? Ramadhani aliapa msibani, mkono juu, kwamba mafuta yake ni safi, gari ndiyo kuukuu, na fundi mwenyewe hajui kitu. Tangi nilikuwa nimelimwaga lote nikihangaika, sikuwa na cha kuonyesha. Kaka yako Juma akamwamini. Wakamchukua Zubeda, wakasema hawawezi kumwachia mtoto mtu aliyemuua dada yao kwa uvivu wa kutengeneza gari yake. Mtoto anaondoka ananiita baba, baba, na mimi nimesimama uani kama mwizi. Nilimchukia Ramadhani mpaka meno yakaniuma. Kila swala nilimwombea mabaya. Shehe akiniambia nisamehe, namuuliza kama Zubeda amerudi.

Basi leo Ramadhani alikuwa anaoa. Ndiyo, anaongeza mke, huko Arua. Gari yake imeoshwa, imefungwa vitambaa, kaka zako wamo ndani na kanzu zao. Ikazima mbele ya soko, ikakataa kabisa kuwaka. Wakapiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka. Fundi wa karibu ni mimi, ikabidi waniite.

Nilikwenda taratibu. Nikamuuliza Ramadhani kwa sauti, watu wasikie, mafuta haya ametoa wapi. Akavimba. "Kwangu mwenyewe. Mimi sinunui kwa mutu." Vizuri. Nikamwambia anishikie waya wa plagi tuone kama moto iko. Nilipopiga stata akapigwa shoti, akaruka na kanzu yake, kofia ikaenda kwenye matope. Moto ulikuwepo. Ningeweza kuupima kwa njia nyingine, lakini hilo niruhusu, mke wangu.

Kisha nikamwita Juma ashuke. Nikamwonyesha pa kufungua kabureta, akafungua kwa mkono wake, akamimina kwenye chupa nyeupe tuliyoazima kwa mama muuza maziwa. Mimi sikugusa kitu. Maji yakashuka yakakaa chini, petroli ikabaki juu. Juma aliikazia macho ile chupa, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ilikuwa hivi?" Nikamwambia ilikuwa hivi hivi, na dada yako aliona.

Mfanyakazi mpya wa Ramadhani, maskini, akaanza kujitetea mbele ya watu wote. Eti hakuna aliyemwambia kwamba pipa la bosi ni lile la nyuma ya nyumba. Yeye alijaza gari kutoka pipa la wateja. Wenye magari walikuwepo, wenye mashine za kusaga walikuwepo, kila mmoja akiwaza injini yake iliyomsumbua.

Ramadhani akanishika mkono, akaniomba nimsafishie tangi, bibi harusi anangoja. Nikamwambia mke wangu naye alingoja. Nikafunga boneti nikaondoka. Nasikia wakwe wamepata habari na ndoa imekufa. Nimefurahi. Nisikudanganye, nimefurahi sana.

Kabla ya magharibi Juma alikuja amempakata Zubeda. Alimweka mlangoni, akakaa chini akalia. Nimempa chai kwa sababu ni kaka yako, lakini moyo wangu kwake bado mzito. Zubeda amelala hapa, amenishika shati, hataki niinuke. Amekuwa mwembamba. Amejifunza kufunga kilemba mwenyewe, anakifunga upande kama wewe.

Shehe naye amepita, ameniambia sasa yatosha, mtoto amerudi. Nimemjibu kuna mmoja hajarudi, na mwingine hata jina hatukuwahi kumpa. Akaenda zake.

Wewe, kama huko mliko watu wanasameheana, msamehe. Hiyo ni juu yako, na moyo wako siku zote ulikuwa laini kuliko wangu. Mimi ahadi yangu ni hii: toka Koboko mpaka Arua nitapita gereji kwa gereji, asipate fundi wa kumshikia hata spana. Na Zubeda akikua nitamwonyesha nyumba ya mtu huyo, nimwambie yote, bila kupunguza.

Kwaheri, mama watoto. Pumzika wewe. Mimi na Ramadhani bado hatujamalizana.