Miungu ya Mama Kirit Imepanda Mezani

Leo Alhamisi. Mvua imeamka kabla yangu hapa mtaani Bilele, na mimi sina ugomvi nayo. Fundi miavuli akilalamikia mvua, huyo muombeeni.

Ila moyo ulikuwa mzito. Mama Kirit, yule mama wa Kihindi mwenye duka, ndiye kanipa baraza lake nifanyie kazi. Sasa Jumamosi mwanae anakuja kumhamishia Mwanza. Duka linafungwa.

Biashara haina shida. Shida ni magoti.

Kila asubuhi kabla ya kufungua alikuwa anakaa chini chumba cha nyuma, miguu kaikunja, mbele ya kabati dogo lenye picha za miungu yake. Mgongo wima. Viganja vinakutana kifuani, vidole juu, kichwa kinainama. Halafu anapitisha mikono juu ya taa ndogo ya mafuta, anajipaka lile joto usoni kama mtu anayenawa. Mimi Mkatoliki, lakini nikimuona natulia. Na kunituliza mimi ni kazi.

Tangu alipoanguka, akikaa chini hainuki. Ameacha kusali.

"Kama siwezi kukaa mbele ya Mungu wangu, nabaki hapa kufanya nini?"

Jana nikajitia ujanja. Nikaleta kiti cha plastiki, nikamkalisha. Akaunganisha viganja, akafumba macho. Akafumbua. Akatazama chini, akainuka kama kiti kina siafu.

"Wewe kijana! Umenikalisha juu kuliko Mungu, na nyayo nimemuelekezea!"

"Samahani, mama waitu. Nilipima magoti yako tu, yeye sikumpima."

Hakucheka. Mama Kirit ambaye hucheka hata nikikohoa.

Nilimuelewa. Mama yangu kule Kagoma magoti yalipogoma, alilia kwamba atawasalimiaje wakwe akiwa amesimama. Mtu akizoea kuinama, kumwambia "si lazima" hakumsaidii.

Leo asubuhi nikajisemea: kama yeye hawezi kushuka, basi wao wapande.

Nikabeba meza yangu ya kazi mpaka mlangoni pa chumba cha nyuma. Akaikagua.

"Ioshe."

Nikaiosha.

"Tena."

Hiyo meza imeoga kuliko mimi. Nikavua viatu, nikanawa, nikaiingiza ndani. Picha alizitoa mwenyewe, mimi nikanyanyua kabati tupu, nikaliweka juu ya meza. Akatandika kitambaa chekundu, akazipanga upya, akawasha taa.

Akakaa kitini. Miguu akairudisha nyuma chini ya kiti, akaifunika na khanga. Sasa ilibidi ainue macho kidogo kuwaona. Viganja vikapanda taratibu, vidole gumba vikagusa kifua, vikabaki hapo.

Nikasubiri aruke.

Hakuruka. Alikaa mpaka wateja wakaanza kugonga mlango, na mimi nikatoka kuwaambia wanyamaze.

Alipomaliza akampigia mwanae. Nasikiliza kila kitu, umbea ni kipaji.

"Jumamosi njoo, baba, lakini lori usilete. Leta ubani, wangu umeisha."

Kirit sijui alijibu nini.

"Nimesema ubani!"

Akakata simu, akafungua duka.

Mimi nimeshona miavuli siku nzima nimekaa sakafuni, miguu imekufa ganzi, na bado naimba. Kesho naenda Kanazi kutafuta mbao za meza nyingine.

Baraza la kuiweka lipo.