Mkate wa Chachu Mezani pa Baba

Mpendwa Mama Tirza, naomba msaada wako maana yamenifika shingoni, mimi ni Noga wa hapa Haifa, Myahudi niliyemwamini Yesu mwaka jana, na nyumbani hawakunifukuza, baba alinuna tu kisha akasema, "Bado u binti yangu, Pasaka uje," lakini mwalimu wetu wa Biblia alitusomea Wagalatia akasema anayeshika sikukuu za Torati ameanguka kutoka katika neema, nami nikaogopa kupoteza wokovu wangu, basi jioni ya Pasaka nikaenda na mikate ya chachu, na mama alikuwa amesugua nyumba mpaka nyufa za makabati isibaki hata chembe ya chachu, nikaiweka mikate yangu katikati ya meza nikasema, "Mimi nimeokoka, sipo chini ya sheria," mama akapiga yowe, baba akasimama akasema taratibu, "Toka, Noga, na huo wokovu wako," na tangu hapo hapokei simu yangu, nami nampenda mno, je, nikimwomba radhi nitakuwa nimemkana Masihi?

Noga

Noga binti yangu, pole. Sasa kaa nikukaripie.

Hukumshuhudia Masihi, ulimdhalilisha mama yako. Hao Wagalatia walikuwa watu wa mataifa, wakibanwa wawe Wayahudi kwanza ndipo waokoke. Wewe nani alikubana? Na Yesu mwenyewe jioni ile ya mwisho alikuwa anakula nini, borekasi za duka la mikate?

Tazama Misri. Damu ya mwanakondoo mlangoni ilitangulia, Sinai na sheria yake ikaja baadaye. Babu zetu waliokolewa wakiwa watumwa, amri kumi hawajazisikia. Baba yako akiketi Pasaka hanunui wokovu, anashukuru. Wala neema yako haiondoki kwa kutafuna mkate mkavu.

Tena hujachelewa. Fungua Hesabu sura ya tisa: walioikosa Pasaka walimlilia Musa, na Mungu akawapa Pasaka ya pili, mwezi uliofuata. Imo katika Torati hiyohiyo uliyoikimbia. Siku yake ni wiki ijayo, na baba yako anaijua.

Mpigie mama kwanza, umwombe radhi yeye. Kisha nunua mkate usiotiwa chachu, ukagonge mlango. Sema, "Baba, niliikosa Pasaka. Naomba niile na wewe." Hapo hujamkana mtu. Akikuuliza unaamini nini, mjibu kweli, kwa adabu. Asipofungua, rudi kesho yake.

Na akifungua, mwanangu, usihubiri. Kaa, ule.

Mama Tirza