Kilichomo Ndani ya Jiwe la Bwana

Mama Mshauri, pokea salamu zangu. Nisikilize kama mwanao, na jina langu tafadhali usilitie gazetini, nakusihi.

Mimi ni mtumishi wa nyumba hapa Kisii mjini, kwa Bwana mmoja wa kazi za barabara, na kwetu ni Birongo. Bwana ana tangi la kioo sebuleni, limejaa maji ya bahari yenyewe, yaliletwa kwa mapipa kutoka Mombasa mpaka Kisumu kwa gari la moshi na kutoka hapo kwa lori, ndani mna samaki wadogo wa rangi, na kulitunza ndiyo kazi yangu. Ijumaa moja mwezi uliopita yalikuwa yaje mawe ya baharini, na Bwana kabla ya safari yake aliniambia wazi, mawe yakifika usiyatie tangini, yaloweke kwanza robo saa kwenye ndoo ya maji ya bomba uone kinachotoka. Lakini lori lilikwama topeni, likafika jua linakaribia kuzama, na sisi ni Wasabato, jua likishazama hatugusi kazi, basi nikayatumbukiza tangini jinsi yalivyokuja nikakimbilia maombi.

Tangu hapo samaki wanapungua. Walikuwa tisa, wamebaki wanne, hakuna mfupa wala gamba. Bwana akasema mpishi ndiye anawala, kwa sababu mpishi ni Obiero na Obiero ni mtu wa ziwani. Mwanzo Obiero alicheka, akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nile samaki wa kutoshea kijiko? Hata sufuria ingenicheka!" Sasa hacheki tena. Bwana amesema mwisho wa mwezi atamfukuza na kumwandikia barua ya wizi, na ukiwa na barua hiyo hakuna jiko litakalokupokea.

Mama, juzi alasiri mvua ya mawe ilipiga mabati, sebule ikawa giza, na nilikuwa pale nikipangusa meza. Nikaona kitu kinatoka kwenye tundu la jiwe, mnyoo mrefu kama mkono wangu, una manyoya kila upande na taya kama koleo, ukamkamata samaki wa manjano ukarudi naye shimoni, yote hayo nikiwa sijameza hata mate. Nikifumba macho nauona, na naogopa Bwana, naogopa Mungu, na zaidi naogopa macho ya Obiero, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kupiga pasi nilipofika hapa sijui lolote. Dada yangu Drusilla ameniletea unga wa pareto, anasema hakuna mdudu anayeushinda, niutie kimya kimya mambo yaishe. Je, niutie?

Ni mimi mwenye hofu, Kisii.

JIBU

Pole, mwanangu. Mimi ni mzaliwa wa Pwani, na mnyoo wa namna hiyo niliwahi kuushika nikiwa mtoto. Vidole vilivimba nikalia siku mbili. Si shetani. Ni mdudu mwenye njaa, na aliyemkaribisha ni wewe.

Pareto usithubutu! Kawamwagie viroboto. Itaua samaki wote kabla ya kumfikia huyo shimoni, na hapo atasingiziwa nani tena? Funga mikono yako kwa kitambaa kizito, litoe jiwe lenye tundu, liweke kwenye ndoo ya maji ya bomba kama ulivyoagizwa, usubiri. Atatoka mwenyewe. Usimkate, maana kipande kikibaki ndani huenda kikaota upya.

Lakini usilitoe peke yako. Mwite Bwana na mwite Obiero, useme kwanza, ndipo jiwe litoke mbele yao, wamwone huyo mwizi kwa macho yao.

Sabato uliitunza, sawa, sikucheki. Ila jua la Jumamosi nalo lilizama, au halikuzama huko Kisii? Jumapili ulikuwa unatunza nini? Ndoo ilikuwepo, maji yalikuwepo. Na tangu juzi umemwona mnyoo kwa macho yako, na bado unakula ugali wa mtu anayeitwa mwizi badala yako. Aibu, mwanangu! Huenda Bwana akakufukuza, sikufichi. Utarudi Birongo ukalime ndizi, na watu wazima wamelima ndizi wakaishi.

Umeniomba nilifiche jina lako, nimelificha. La Obiero uliliandika waziwazi, hukuniomba nilifiche, nami nimeliacha. Gazeti hili hufika kwenu Alhamisi, na nyumba zenye bahari sebuleni hapo mjini sidhani kama ni mbili. Obiero anajua kusoma? Basi inuka sasa hivi uende jikoni, akusikie wewe kabla hajanisoma mimi.