Ndege wa Ziwani

Mjukuu wangu Komora, hujambo huko Nairobi? Sisi tupo, ila babu yako bado anakohoa. Umeuliza wenzako uwatembeze wapi. Walete ziwani, nyuma ya Chara. Ndege ni wengi, weupe, mpaka miti haionekani. Mimi na dada yangu Rehema tulikwenda kuwatazama siku ya Pasaka, tungali wasichana. Akataka kunawa miguu nje ya uzio wa miti tunamochotea maji, mamba wasitufikie. Nikamwambia, "Rudi ndani, wewe!" Akanicheka, "Mwoga! Hata kuku anakufukuza!" Hakurudi. Ndege waliruka wote, kisha wakatua palepale.

Njooni, lakini maji msiguse, nakuomba. Nitawapeleka mwenyewe. Ukiniona nimenyamaza, usiwaambie kwa nini. Waache watazame ndege.

Bibi yako