Vitufe vya Mama

Vingunguti

Kaka Talha,

Sie wazima, na mdogo wetu Farida kajifungua salama. Ila Mama hasemi tena. Programu ya simu ya kumsemea uliyomtengenezea alipopata kiharusi, ukaigawa bure kwa dunia nzima, wewe na wenzako mmeibadilisha. Vitufe vimekuwa vidogo, na kidole chake kinatetemeka. Nilipokwambia, ukanijibu kwamba watu wengi wameipenda.

Jana alitaka maji, akabonyeza. Simu ikasema, "Asante." Akabonyeza tena, ikasema, "Asante." Nikajua ameridhika, nikaenda sokoni. Niliporudi nilimkuta analia, midomo imemkauka.

Leo nikimpa simu anaisukuma. Nimechoka kukisia, kaka. Nakuomba upige simu ya video umwone anavyohangaika kubonyeza. Usianze kumwelekeza. Mtazame tu.

Mdogo wako asiyejua tena afanye nini,
Rukaiya