Chai ya Baraza la Kuni

Mdogo wangu Asukulu,

Bibi amepona mguu, anakusalimia huko Uvira. Umeuliza kama bado tunafuata ruhusa ya kukata kuni mpaka Fizi. Baraza jipya la kuni liliundwa, na wamama wanaokausha samaki kwa moshi wakanichagua. "We ulisoma, utatusemea." Nikaenda kuomba ruhusa itolewe hapa Baraka, samaki wasituozee tukingoja kuni.

Sijafungua kinywa, mzee mmoja akacheka: "Mutoto mwanamuke, tuchemshie chai kwanza!"

Niliona haya, nikatoka. Niliporudi na birika walikuwa wamekwisha kuamua: ruhusa inabaki Fizi. Jana tumezika samaki wa mama waliooza. Sioni nani atabadilisha hili.

Siku ukiketi barazani, kabla hamjaamua, uliza nani yuko nje anachochea moto wa chai yenu.

Dada yako,
Mapenzi