Tosha

Jumamosi, 1 Februari 2025

Sare, bila bila. Mechi ya saba sijafunga. Dakika ya sitini na tano kibao kikainuliwa — namba yangu, tena! Nikatoka nimeinamisha kichwa. Nimechoka mpaka kucha.

Dan alinirudisha kwa basi dogo la klabu. Ndiye anayefua jezi zetu na kuendesha basi. Kwao Likasi, Kongo, na klabu nzima ni yeye tu ninayezungumza naye Kiswahili. Yaani yeye anazungumza, mimi naitikia. Leo akaniambia, "Kocha alikutosha mbio sana, dada." Sikuelewa. Kocha ananitoshaje? Nikasema ndiyo. Mimi husema ndiyo kwa kila kitu. Gazeti moja la hapa Brussels liliandika nina haya, jingine nina maringo.

Tabora wananiita Nyamizi Moto. Hapa hata moshi sitoi.

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mazoezi kwenye matope. Baridi ya kukata masikio.

Baada ya kuoga kapteni akatuambia: tarehe 11 uongozi unakaa kupitisha orodha ya wasiopewa mkataba mpya. Watu wanne. Kila mtu akatazama viatu vyake. Nadhani wawili watatu walinitazama mimi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nina miezi saba hapa. Jembe langu ni magoli, na mpini umevunjika.

Wakiniacha, potelea mbali. Nitarudi kwetu nilale wiki nzima.

Jumatano, 5 Februari 2025

Ah! Nicheke au nilie, sijui.

Nimekwenda Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kwenye galari, ule ujia wa masaluni. Anayenisuka ni maman Yolande, wa Lubumbashi — mnene, msemaji, mikono ya chuma. Saa tatu nimekaa. Kichwa kinawaka moto, nakunja uso. Alikuwa amebakiza kisogoni kidogo. Akaniona, akauliza, "Bon, nitoshe?"

Nikadhani anauliza kama zatosha. "Tosha, mama," nikasema. "Tosha."

Akasonya, akaanza kufumua. Msuko wa kwanza, wa pili, wa kumi! Nami kimya, nikidhani anarekebisha. Ndivyo nilivyo. Mtu anaweza kunikata sikio nikasema ndiyo. Nusu ya kichwa imeshafumuliwa ndipo nikapiga kelele. Mimi, kelele!

"Mama, mbona unazitoa?"

"Si wee njo ulisema tosha!"

Kumbe kwao kutosha ni kutoa! Kitu kikifika kiasi wanasema kinaenea. Saluni nzima ikaangua kicheko, wengine wakashikilia viti. Hapo nikamkumbuka Dan. Kumbe alisema kocha alinitoa mapema mno, na mimi nikaitikia ndiyo!

Maman Yolande akafuta machozi, akaniuliza nafanya kazi gani. Miezi saba ananisuka, hajui. Nikamwambia. Nikamwambia yote — mechi saba, kibao, orodha ya tarehe 11. Sijui maneno yalitoka wapi. Akanisikiliza amenishika kichwa kwa mikono miwili.

"Alors, mutoto, juu ya nini ulikuwa unanyamazaka?"

Kwa nini nilikuwa nanyamaza! Nikamwandikia uwanja na saa ya mechi ya Jumamosi. Ikabidi nywele zifumuliwe zote, na nafasi ya kusuka upya ni Jumanne. Jumamosi nitacheza na kitambaa kichwani.

Alhamisi, 6 Februari 2025

Mvua. Nimesinzia kwenye metro nikapitiliza mpaka mwisho wa laini. Basi.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Wamekuja! Maman Yolande na wanawake watatu wa saluni, makoti makubwa, vifuniko vya sufuria mkononi. Jukwaa letu huwa na watu mia mbili waliokaa kama kanisani. Leo!

Sikufunga. Lakini nimetoa pasi ya goli, tumeshinda moja bila. Dakika ya sabini nikaona msaidizi anakishika kibao, na wao wakakiona. "Musimutoshe! Ee kocha, musimutoshe!" Kocha ni Mbelgiji wa Ghent, Kiswahili atakijulia wapi? Akanitosha.

Nikatoka nacheka. Nilishindwa kujizuia. Kapteni akanishangaa kama ameona ng'ombe anaimba. Nyuma yangu vifuniko vinalia, na maman Yolande anamtangazia mwamuzi: "Ku septante! Ku septante banamutosha!" Yaani dakika ya sabini tu wamenitoa.

Usiku miguu inauma, mgongo unauma. Nimepiga hesabu ya siku zilizobaki kurudi Tabora, kama kila Jumamosi. Leo haikunipa raha.

Jumanne, 11 Februari 2025

Saluni. Naandika daftari likiwa mapajani. Upande wa kushoto umesukwa, wa kulia umesimama wima.

Uongozi umekaa tangu saa nne asubuhi. Dan aliahidi kutega sikio. Sasa hivi ametuma ujumbe: "Dada, balitosha jina yako."

Wametoa jina langu. Wamelitoa kwenye orodha? Au wamelitoa hadharani, pamoja na wachezaji wengine watatu?

Nimempigia. Hapokei — labda ameshaingia barabarani na basi. Nimepiga tena. Nimemwonyesha maman Yolande. Amesoma, amesoma tena, ameita wenzake. Mmoja anasema nimebaki, mwingine anasema nimekwenda. Wanabishana kwa Kifaransa na Kilingala juu ya kichwa changu.

Mungu wangu, sitaki kuondoka! Wiki iliyopita niliandika potelea mbali. Nilidanganya, na daftari ni langu mwenyewe.

Maman Yolande ameona nautazama mlango. Ameshusha sauti. "Donc, unataka kwenda kule klabu? Nitoshe?"

"Apana, maman," nimesema, saluni nzima imesikia. "Suka yote."

Simu inaita. Ni Dan. Maman Yolande amenishika kichwa, anaendelea kusuka. Naweka kalamu, nimuulize wamelitoa wapi.